Maabara Chini ya Mimbari

Nina wivu. Nasema mapema ili usinisikilize huku ukinitafutia visingizio. Kuna watu wanaoona wivu asubuhi na kufika saa sita wameshasahau. Mimi si wa kundi hilo. Wivu wangu nilikaa nao miaka, nikaulisha, ukanenepa, na mwishowe ukamla mtoto wa mtu masomo yake. Jina langu ni Laban Masinde. Siku hizi nauza spea za baiskeli pale Kondele, na wateja wengine bado wananiita Mwalimu. Siwakatazi.

Wivu wenyewe una jina: Zadock Ogola. Tulianza kidato cha kwanza pamoja mwaka wa 1960 katika shule ya misheni, mimi mtoto wa Kimilili, yeye wa hapa hapa ukingoni mwa ziwa. Tulikalia dawati moja. Katika hesabu mimi nilikuwa wa kwanza, yeye wa pili, na usifikiri natia chumvi, ripoti zangu ninazo hadi leo. Shule yetu haikuwa na maabara. Ilikuwa na somo linaloitwa Sayansi ya Jumla, ambalo padri mmoja mzee alilifundisha kwa chaki: hapa pana chupa, hapa pana moto, na sasa maji yanachemka. Sisi tukanakili maji yanayochemka. Tulipomaliza kidato cha pili, mjomba wake Zadock, karani wa reli, alikuja akamhamishia shule kubwa ya serikali iliyofundisha Fizikia kivyake na Kemia kivyake, kwa vyombo vya kweli. Mjomba wangu mimi alikuwa mtu wa ng'ombe. Nikabaki.

Wakati ule sikuelewa kilichotokea. Nilielewa miaka miwili baadaye, nilipofaulu vizuri kabisa, kisha nikaambiwa kwamba kidato cha tano cha sayansi hakimchukui mtu wa Sayansi ya Jumla hata kama amepata alama zote za dunia. Anatakiwa mtu wa Fizikia na Kemia. Kumbe mlango ulifungwa siku ile ya mjomba, na mimi nilikuwa nje miaka miwili nikisoma kwa bidii. Zadock, aliyekuwa akinakili hesabu zangu asubuhi kabla ya kengele, akapita, akaenda hadi Makerere. Roho iliniuma kama jino la nyuma, lile ambalo ulimi haulifikii vizuri lakini haliachi kukukumbusha liko.

Mwaka wa 1965 nikaja Kisumu na kupata kazi katika sekondari ya harambee, iliyoendeshwa kwa michango ya wazazi, huko Nyamasaria. Kuiita shule ni heshima tu. Lilikuwa kanisa la mabati, na wazazi walikuwa wamekubaliana na mchungaji kwamba Jumatatu hadi Ijumaa ni la wanafunzi, na siku mbili zilizobaki ni la waumini. Watoto wetu walikuwa wale waliofaulu mtihani wa darasa la saba lakini shule za serikali zikakosa nafasi ya kuwaweka: watoto wa Nyalenda, wa Kondele, wa vijiji vya barabara ya Ahero. Hawakuwa wajinga, na tafadhali ulishike hilo. Hedimasta wetu, Mzee Waliaula, mtu mpole aliyependa mambo yaishe bila kelele, alinipa sayansi kwa sababu kila mwalimu mwingine aliikataa.

Mimi nikaapa kwamba maji yangu yatachemka kweli. Nikaanza kuokota. Springi za kitanda kibovu zikawa za kupimia nguvu. Betri za redio zilizokwisha tulizianika juani hadi zikapata uhai kidogo wa kuwasha taa ya tochi. Maji ya betri ya gari niliyaomba garaji pale Kondele, yakawa asidi. Miwani ya zamani ya mchungaji ikawa lenzi mbili. Tulichemsha maua mekundu ya ua la jirani tukapata maji ya zambarau, na ukiyadondoshea asidi yanageuka mekundu mbele ya macho yako, na darasa zima linashusha pumzi. Mke wangu, Metrine, alipoteza sufuria mbili na chujio lake la chai. Kila Ijumaa vyote viliingia kwenye madebe na kusukumwa chini ya mimbari, na Jumapili mchungaji akahubiri juu ya asidi yangu bila habari. Niliipenda maabara ile kuliko nyumba yangu. Nilikuwa nikipita mbele ya shule za serikali nikiwaambia moyoni, haya, nyinyi mlinunuliwa vyenu, mimi nimetengeneza vyangu.

Dorca Aoko alikuja mwaka wa 1968. Mama yake, Seline, alikuwa mjane wa Nyalenda aliyeuza mafuta ya taa kwa chupa, na daftari za Aoko zilinuka mafuta hayo hata ukizifungulia dirishani. Wiki ya kwanza tu aliniambia anachotaka. Alipokuwa mdogo watu wengi wa mtaani kwao waliharisha, ndipo akaja mtu wa manispaa na vichupa vyake kwenye bomba walilokuwa wakichota wote. Akakinga maji, akatia tone la dawa, akangoja yabadilike rangi. Hayakubadilika, maana yake hayakuwa na dawa ya kuua vijidudu. Akaamuru bomba lifungwe siku hiyo hiyo. Wanawake walimtukana matusi ya kutosha, lakini Aoko alimfuata hadi barabarani akimuuliza ametia nini, na yule mtu akamjibu kwamba akitaka kujua asome Kemia. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hamu yake yote: Kemia, kidato cha tano, kisha kazi ya kupima maji ya watu. Nilimwambia atafika. Nilimwambia hivyo nikijua fika kwamba shule yetu ilikuwa na ruhusa ya kutahini Sayansi ya Jumla peke yake, na kwamba kwa Fizikia na Kemia lazima inspekta aje kwanza aikubali maabara.

Na alikuwa na kichwa, yule mtoto. Mimi nimefundisha watu mia kadhaa, najua mwenye bidii na mwenye kichwa ni watu wawili tofauti. Yeye alikuwa wote wawili. Akiuliza swali unabaki na chaki mkononi. Kuna siku nyingine nilirudi nyumbani nikalifungua daftari langu la zamani nitafute jibu lake, nikakuta padri hakutufikisha hapo. Nilianza kumwita mwanafunzi wangu, hata mbele ya walimu wenzangu, kana kwamba hao wengine darasani nilikuwa nawatunzia mtu.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1969 Zadock akarudi Kisumu na digrii yake, akapewa kufundisha Kemia katika shule moja ya serikali upande wa juu wa mji. Alinitafuta mwenyewe. Alinikumbatia, akanitembeza. Sasa nikueleze nilichokiona. Meza ndefu nane, na kila meza ina mabomba yake ya maji na mabomba yake ya gesi. Mizani ndani ya vijumba vya kioo. Kabati zima la chupa zenye majina. Msaidizi ambaye kazi yake ni kuosha vyombo tu. Zadock alivaa koti jeupe, na koti lilimkaa, ala, lilimkaa vizuri hata nikakasirika. Alipogeuka kuzungumza na msaidizi, nilifungua bomba moja la gesi, nikalisikia likipumua, nikalifunga. Kisha nikalifungua tena. Nilitamani kulia, na nilitamani vilevile kitu fulani kivunjike.

Aliniambia nichukue chochote ninachohitaji, anikopeshe hata mizani. Nikamwambia asante, sisi tunavyo vyetu. Hapo ndipo Zadock aliponichosha: angekuwa na maringo ningemchukia nikapumzika. Lakini alikuwa mtu mwema, na wema wake ukanifanya nijione mdogo zaidi.

Julai mwaka huo kukawa na maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari, na yalifanyikia ukumbini mwa shule ya Zadock. Wao walileta mtambo wa kutengeneza sabuni, wenye mirija ya kioo kama utumbo wa ng'ombe. Sisi tulileta Aoko, vichupa sita vya maji na maji ya maua. Maji ya ziwa, ya kisima, ya mto, ya mvua, ya bomba la Nyalenda, na ya sufuria iliyotiwa majivu. Alisimama mbele ya waamuzi na sketi yake iliyofifia akaeleza kila maji yalivyogeuka rangi na kwa nini, na kitu gani maua hayawezi kukuambia juu ya maji hata ufanyeje. Hicho cha mwisho ndicho kiliwamaliza. Akawa wa kwanza. Watoto wa Zadock wakawa wa pili. Nilitaka kucheza juu ya meza. Nilimtazama Zadock nione uso ukimshuka, nikakuta ndiye anayepiga makofi kuliko wote, na baadaye nikamwona ameinama anazungumza na Aoko kando ya dirisha. Furaha yangu ikapungua nusu papo hapo.

Mwisho wa mwaka, siku chache kabla ya shule kufungwa, Zadock akaja Nyamasaria na motokaa yake ndogo. Tulikaa kwenye benchi la kanisa. Akasema ameongea na hedimasta wao hadi amekubali: kuna nafasi moja ya kidato cha tatu mwezi wa Januari, karo imeondolewa yote, na nafasi ni ya Aoko. Inatakiwa barua ya kumruhusu kutoka kwetu na kauli ya mama yake, kabla ya Ijumaa. Alijua nitaumia, kwa hiyo alinishika goti.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "mimi niliokolewa na mjomba. Huyu mtoto hana mjomba. Acha tuwe sisi."

Ungekuwa mtu mwingine ungelia kwa shukrani. Mimi damu ilinichemka. Nilifikiri: wewe ulipata shule, ukapata Makerere, ukapata koti, mabomba, msaidizi na motokaa. Katika dunia hii nina kitu kimoja tu ambacho wewe huna, nimekifundisha kwa springi za kitanda, na sasa umekuja unakitaka nacho. Nikamwona Aoko kwenye meza ya nane amewasha gesi. Nikawasikia watu wakisema, yule msichana hodari wa Ogola. Nikamwambia Zadock nitakwenda Nyalenda kumuuliza mama.

Sikwenda. Mzee Waliaula nilipomweleza alitazama paa, akasema mimi ndiye mwalimu wake, niamue nitakavyoona inafaa, ingawa shule ikimpoteza mtoto kama yule wazazi watauliza maswali. Nikaunyakua huo mstari wake wa mwisho. Ijumaa nikapanda kwa miguu hadi shuleni kwa Zadock nikamwambia mama amekataa. Nikamwambia anaogopa, anamhitaji binti kwenye biashara, haamini shule za kule juu mjini. Yule mama nilimtungia woga ambao hakuwa nao hata siku moja. Zadock akahuzunika, akataka kwenda kumsihi mwenyewe. Nikamwambia akienda na motokaa atamwaibisha mjane wa watu, amwache. Akaniamini. Tulikalia dawati moja, kwa nini asiniamini?

Nyumbani nilimweleza Metrine nikidhani atanisifu kwa kuitetea shule. Aliweka mwiko chini, akaniambia wivu wangu umeupita hata wa mke mwenza, na kwamba nivae viatu niende Nyalenda saa ile ile. Nikamjibu kwamba hajui mambo ya shule. Nikamweleza mpango: nitaandika maombi, inspekta atakuja, ataona nilichojenga, tutaruhusiwa Fizikia na Kemia hapo hapo kwetu, na Aoko atapita akiwa mwanafunzi wa harambee, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Nilivyolisema lilipendeza. Metrine aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia ale chakula kisipoe.

Januari Aoko akarudi kidato cha tatu. Somo la kwanza alinikazia macho kama mtu anayengoja kuitwa jina. Nikageukia ubao. Wiki ya pili macho yaliacha kungoja, na toka hapo maswali yake yakapungua. Nikasema ni utu uzima unamwingia.

Inspekta aliitikia mwezi wa Juni. Sasa sikiliza jinsi sisi watu wa harambee tulivyo. Kamati ya wazazi iliposikia mgeni wa serikali anakuja, ilichanga kuku, ikachanga mchele, ikaleta vitambaa vya meza. Na siku moja kabla, nilipokuwa mjini kutafuta chokaa, akina mama walikuja kulisafisha kanisa ili mgeni asione aibu. Walisugua sakafu. Wakachota uchafu wote uliokuwa chini ya mimbari, springi zenye kutu, betri zilizokufa, chupa za maji yanayonuka, miwani isiyo na fremu, wakautupa shimoni. Asidi waliimwaga chooni. Chupa nzuri waliziosha kwa mchanga hadi zikang'aa, wakatia maua ndani. Nilipofika asubuhi walinipokea kwa tabasamu, wakingoja niwashukuru, na kati yao alikuwemo Mama Seline, mikono bado imevimba kwa kusugua. Ningewaambia nini? Kwa macho ya mtu mwenye akili timamu, maabara yangu ilikuwa takataka.

Inspekta alikuwa mtu mstaarabu. Aliuliza maabara iko wapi, nikamwonyesha kanisa safi lenye maua. Niliruka shimoni na suruali yangu nzuri, nikatoka na springi mbili. Aoko aliokoa siku kwa kadiri ilivyookoleka: alichukua chaki, akachora kila chombo kilichokuwepo na namna tulivyokitumia, akaeleza kwa nusu saa bila kukwama. Inspekta alikaa akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akanigeukia na kuniuliza taratibu, mtoto huyu mbona hayuko shule yenye maabara? Mzee Waliaula akatazama paa. Mimi nikasema nafasi za serikali ni chache.

Alikula kuku, akaandika hapana. Hakuna gesi, hakuna maji ya bomba, hakuna stoo ya kufungia sumu, mwalimu hana mafunzo. Na nikiri hapa: hata kama springi zangu zote zingekuwa mezani, jibu lingekuwa lile lile. Masharti yale yalikuwa yamepigwa chapa kwenye fomu ya maombi, na fomu nilikuwa nayo mfukoni tangu Februari. Nilikuwa nimeisoma. Niliikunja nikaiweka, kwa sababu niliona bora kumdanganya Aoko kwa matumaini kuliko kumpandisha kilima kwa Zadock.

Bado kulikuwa na wakati. Hilo ndilo linaloniamsha hata leo. Juni ile ningeweza kumfuata Zadock, nimwambie mama amebadili nia, na Zadock angevunja milango. Nilikutana naye sokoni wiki ile ile, akaniuliza kwa upole yule msichana anaendeleaje. Nikamwambia vizuri sana, tunamaliza mada kabla ya wenzetu. Nikanunua nyanya zangu, nikaenda zangu.

Aoko akafanya Sayansi ya Jumla mwezi wa Novemba mwaka wa 1971. Matokeo yalipokuja mwaka uliofuata alikuwa amepata alama ya juu kabisa, na shule ikampigia vigelegele. Kisha barua za kidato cha tano zikaja. Walimpa Historia, Jiografia na Dini, katika shule ya mbali ambayo karo yake Seline asingeiweza hata akiuza na kibanda.

Seline hakujua kukaa na jambo. Alichukua karatasi ya matokeo ya bintiye akapanda mwenyewe hadi shule ya Zadock, kwenda kuomba kidato cha tano cha Kemia pale. Zadock alimkaribisha kiti, akamweleza kwa nini haiwezekani tena, na kwa kuwa ni mtu mwema akamuuliza, bila kumlaumu, mama, kwa nini ulikataa ile nafasi?

Walikuja Jumatatu, mama na binti. Nilikuwa nafundisha. Seline alisimama mlangoni mwa kanisa hadi nikatoka, akanisalimu na kuniita Japuonj, mwalimu, kama alivyoniita siku zote. Akaniuliza ni nani alimwambia Ogola kwamba yeye alikataa. Nikasema ni mimi. Akaketi kwenye ngazi. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba yule mtoto angembeba mgongoni mpaka kule kilimani, kila siku, hata sasa alivyo mkubwa. Nilisimama mbele yake nikiwa na chaki mkononi.

Nilimngojea Aoko anitukane. Ningeona nafuu. Yeye alikuwa ameegemea ukuta wa mabati, mikono nyuma, akizungumza polepole.

"Mimi nilijua, Mwalimu," akasema. "Mwalimu Ogola aliniambia siku ya maonyesho kwamba atanitafutia nafasi. Nilingoja uniite. Ulipokaa kimya nikadhani umenipima ukaona siwezi. Nikaona aibu kukuuliza."

Miaka miwili. Miaka miwili aliketi mbele yangu akijiona mjinga, na mimi nikisema ni utu uzima. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kamati, ya karo, ya heshima ya shule. Nikayaacha yote.

"Uliweza," nikamwambia. "Uliweza kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na kuliko mimi. Nilimwonea wivu Ogola. Sikutaka awe na wewe."

Mama yake alifunika uso. Aoko hakufunika. Alifikiri kidogo, kama anavyofikiria swali la hesabu, kisha akasema niandike hayo, kwenye karatasi, na sahihi, aipeleke barua kwa hedimasta wa shule ya Mwalimu Ogola ili ajue mama yake hakukataa chochote, na yeye aombe kurudia kidato cha tatu.

Nikwambie mapema kwamba barua ile haikumsaidia. Walimjibu kwamba aliyekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne harudishwi cha tatu, nafasi zina wenyewe wanaozingoja. Alikwenda chuo cha ualimu wa msingi, na sasa anafundisha darasa la nne upande wa Nyakach. Mimi barua ilinitoa kazini kabla ya mwezi kwisha, kwa kuwa hedimasta wa shule ya Zadock alimwandikia Mzee Waliaula, na mara hii Mzee Waliaula hakutazama paa. Bomba la Nyalenda linapimwa na mtu mwingine, kama linapimwa.

Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Niliingia nikakaa kwenye benchi la mbele, nikachana ukurasa wa daftari, nikaandika, na watoto wote wakinitazama. Niliandika kwamba mama wa mwanafunzi hakuwahi kuulizwa. Kwamba uamuzi wa kumnyima ruhusa ulikuwa wangu peke yangu. Kwamba niliuchukua kwa kuzingatia hali ya shule wakati ule. Hata pale, kalamu mkononi, nilikuwa nikimfikiria Zadock akiisoma, na koti lake, na nikaona sentensi ile ya mwisho imekaa kiungwana.

Aoko aliisoma kwa kusimama, mpaka mwisho. Akaiweka tena kwenye benchi mbele yangu.

"Umeacha neno moja, Mwalimu," akasema.

Nikaukata ule mstari. Nikaandika wivu, nikatia sahihi, na tarehe.